Hai au Marehemu

Komini ya Lubunga, Kisangani
9 Machi 2024

Mwanangu Clothilde,

Nakusalimu wewe, na kupitia kwako namsalimu mama yako Georgette. Nyumba hii ni nzima. Mama Mkubwa wako Orpha ameacha kukohoa tangu mvua zianze. Patrice amefaulu hesabu, ingawa si kwa alama za kutangazwa mbele ya wageni. Mto unapanda, na wavuvi wa maporomoko wamekwisha kuinua vikapu vyao. Umeme huja unapotaka wenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Fomu zako za mimea ya dawa zilifika kwa mkono wa nahodha wa mashua ya mizigo. Nimezisoma zote, na nyingi nazirudisha. Usikasirike, hasira haijawahi kusahihisha kitu.

Umeandika kongobololo kama mimea miwili, kwa kuwa mwanamke mmoja alikupa jina la kwao Yahuma na mwingine jina la sokoni. Mmea mmoja una namba moja, na majina yake yote yakae chini ya namba hiyo kama watoto chini ya paa moja. Kwa sehemu inayotumika, tumia maneno tuliyokubaliana: jani, gome, mzizi, utomvu, tunda. Katika fomu moja umeandika "gome", katika nyingine "ganda", katika ya tatu "ngozi ya mti". Kompyuta haijui kwamba hayo ni kitu kimoja. Nikitafuta gome kesho itanificha mengine mawili, wala haitaona haya. Na kipimo "kidogo" sikikubali. Kidogo cha nani? Kiganja cha mvuvi si kiganja cha mtoto. Mwambie mtoa habari akuonyeshe kwa mkono wake, kisha andika kijiko au kikombe.

Kisanduku cha mwisho ni cha mtoa habari: jina lake, na kama yu hai au ni marehemu. Nilikiweka mwenyewe. Aliye hai anaweza kurudiwa na kuulizwa tena, marehemu haulizwi. Nimeifunga mashine isipokee fomu yoyote yenye kisanduku kitupu, kwa hiyo usijaribu.

Kazi hii tuliianza baba yako Bavon na mimi, yeye akitembea, mimi nikiandika. Tangu mashua ile ipinduke kwenye mdomo wa Lomami, miaka miwili sasa, na yeye asionekane, miguu ya kazi hii ni yako. Basi tembea sawasawa.

Maji yakupe njia.
Papa Mkubwa wako, Hubert


Zahanati, Lomami, chini kidogo ya Opala
7 Aprili 2024

Papa Mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima, pamoja na Mama Mkubwa Orpha na Patrice. Sisi tuko. Zahanati imepata godoro jipya, na mara moja wagonjwa wameongezeka. Kasongo mvuvi amekuja mara tatu kuuguza mgongo ambao sijauona ukiuma. Mama anakula vizuri kuliko wakati wa Krismasi. Anasema nikuambie kwamba samaki wakavu aliokuletea nahodha ni wa Mama Mkubwa, si wa kugawia walimu wenzako.

Nimesahihisha fomu zote. Gome ni gome. Ninakwenda na kijiko cha zahanati mfukoni, na vikongwe wananicheka, lakini wananionyesha. Nyingine mpya ziko ndani ya bahasha hii.

Nina jambo ambalo nililiandika mwaka jana, na hukulijibu. Unaijua desturi ya ukoo wetu kuliko mimi. Mwanamume akichukuliwa na maji na mwili usipatikane, mkubwa wa nyumba hupeleka lokole, ile ngoma isemayo, ukingoni na kupiga jina lake la ngoma kwa mara ya mwisho. Hapo ndipo mjane hunyolewa, akavua nguo nyeusi, akarudi kuwa mtu kati ya watu. Pasipo hilo, amefungwa. Mama anakula peke yake. Kanisani anasimama nje ya mlango. Na yeye aliyejua dawa sawa na baba, labda kumzidi, haruhusiwi kumpa mtu hata jani la lumbalumba, kwa sababu wanasema dawa ya mkono wa mjane aliyefungwa humgeukia mgonjwa.

Mimi ni muuguzi, siamini hivyo. Lakini wanaokunywa dawa ni wao, si mimi.

Lokole ya babu iko nyumbani kwako. Mkubwa ni wewe. Sisemi zaidi.

Tunakuombea afya na umeme.
Mwanao, Clothilde


Kisangani
18 Mei 2024

Mwanangu Clothilde,

Barua yako imefika, na samaki wamefika. Orpha anashukuru. Hakuna mwalimu aliyeonja. Patrice amekatwa na kipande cha bati mguuni, lakini kidonda kinafunga. Padri wa parokia yetu amehamishwa, na aliyekuja anaongea haraka mno. Misa yake inakwisha kabla ya dhambi zangu kukumbukwa.

Nimeisoma barua yako yote.

Fomu zako ni nzuri zaidi. Vipimo vinasomeka. Lakini kuna fomu tatu ambazo sikuzielewa, nami sipendi kutoelewa. Kisanduku cha mtoa habari kina jina la Bavon. Tarehe ni za mwezi uliopita.

Nilikuwa na Aristide wa kioski ya fotokopi, yule aliyenitengenezea visanduku hivi katika kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika, maana vidole vyangu ni vizito. Aliacha kuandika ghafla.

"Papa Hubert, huyu Bavon ni ndugu yako, ama ni Bavon mwingine?"

"Bavon ni mmoja."

"Bon. Alors niandike nini, hai ama marehemu? Machine iko nangoja."

Nikamwambia aende akanywe chai. Akasema hajasikia kiu. Nikamwambia aende hata hivyo.

Fomu hizo zipo mezani. Sijazipokea wala sijazirudisha. Kila ninapoifungua mashine, alama ile ndogo inawaka na kuzimika katika kisanduku hicho, kama mtu anayepiga kope mbele yako akisubiri jibu. Gunia la mwisho la magome aliloleta Bavon bado liko pembeni mwa chumba. Sikulifungua. Mwaka huu limeanza kunukia upya, nami sijui kwa nini, kwa sababu gome lililokauka hunukia mara moja tu.

Nijibu waziwazi. Habari hizo alikupa nani? Je, kuna mtu umemwona?

Nakuaga kwa haraka, mashua inaondoka.
Hubert


Zahanati, Lomami
23 Juni 2024

Papa Mkubwa,

Pokea salamu zetu. Pole kwa mguu wa Patrice. Akitokwa na usaha, asichelewe hospitali. Huku mto umeanza kushuka na mchanga wa kisiwa kilicho mbele yetu unaonekana. Mama ameotesha mahindi nyuma ya nyumba, nami nilikuwa sijamwona akipanda.

Ulitaka jibu la waziwazi. Nitakuambia nilivyoona, na hitimisho nakuachia.

Sikuliandika jina la Bavon kwa kupenda. Ninapowauliza wagonjwa dawa ilitoka kwa nani, wanasema jina hilo. Nilidhani wanakumbuka mambo ya zamani. Nikamrudia Kasongo, kama unavyotaka turudie.

"Dawa ya tumbo ilitoka kwa nani?"

"Kwa Bavon. Nilikwambia."

"Bavon alichukuliwa na maji, Kasongo."

"Ni weye unasema. Miye nilikunywa juma iliyopita, tumbo ikanyamaza. Mufu anaweza kunyamazisha tumbo ya mutu?"

"Ulimwona?"

"Kuona ni kazi yenu ya dispensaire. Dawa ilikuwa kwa mulango asubuhi, imefungwa na jani. Batu wa mtoni wakasema: Bavon amesema, gome, asubuhi, kidogo."

Nikauliza ni akina nani hao wa mtoni. Kila mmoja alinitaja mwingine, mpaka nikarudi kwa yule wa kwanza.

Kisha nilikwenda kisiwani, kwenye ule mti wa magome machungu ambao baba alikuwa akiutunza. Unakumbuka alivyokata: upande wa macheo tu, kipande chembamba, halafu jeraha analipaka udongo mwekundu ili mti usioze. Watu wengine hapa wanaubandua mti wote mpaka unakufa. Papa Mkubwa, nilikuta jeraha jipya upande wa macheo. Nililigusa. Udongo ulikuwa bado mbichi, na una alama ya kidole.

Nilirudi nikipiga kafi kama mtu anayefukuzwa. Mama hakuniuliza kitu. Nami sikumwambia.

Nina pendekezo kuhusu fomu, maana nahitaji kufikiri juu ya kitu kinachofikirika. Tarehe iko moja tu, nami huandika siku ninayojaza fomu. Tuweke mbili: siku ya kuambiwa na siku ya kuandikwa. Habari ya zamani isionekane kama ya jana.

Mwombee anayekuandikia.
Clothilde


Kisangani
27 Julai 2024

Mwanangu Clothilde,

Nakusalimu. Orpha anakusalimu. Mguu umepona. Mengine ya nyumba yako kama yalivyokuwa.

Pendekezo lako ni sahihi, na ningepaswa kulifikiria mwenyewe. Aristide ameweka tarehe mbili. Kuanzia sasa, siku ya kuambiwa ni moja na siku ya kuandikwa ni nyingine, wala hazichanganywi.

Lakini tarehe mbili hazielezi udongo mbichi.

Tangu barua yako ifike ninashuka kila siku kwenye kivuko na kuwauliza manahodha wanaotoka Isangi na Lomami. Ninawaeleza: mtu mrefu, bega la kushoto limeshuka, anatembea mbele ya wenzake. Mmoja alisema alimwona mtu wa namna hiyo Yanonge, akinunua chumvi. Mwingine akamcheka: "Papa, bega limeshuka ni letu sisi wote, tunabeba magunia." Nilimkemea. Hata hivyo nilirudi siku iliyofuata kumuuliza yule wa Yanonge, naye alikuwa amekwisha kuondoka. Orpha ameanza kuniwekea chakula bila kuniita. Kwa siri anamwambia jirani kwamba naongea na kiti. Siongei na kiti. Ninakisogeza tu jioni, karibu na meza, kwa sababu Bavon hakupenda kukaa mbali na taa.

Nimezipokea zile fomu tatu. Katika kisanduku cha mtoa habari nimeandika Bavon, na mbele yake nimeandika Hai. Mashine haikukataa.

Kuhusu ombi lako la lokole, hili ndilo jibu: sipigi ngoma ya mtu ambaye udongo wa kidole chake bado ni mbichi. Mama yako avumilie. Mwanamke ambaye mume wake yu hai si mjane, na asiye mjane hahitaji kufunguliwa.

Nenda tena kisiwani. Kaa karibu na mti ule mpaka uone ni mkono wa nani. Ukimwona, mwambie nyumba iko wazi.

Hubert


Zahanati, Lomami
15 Septemba 2024

Papa Mkubwa,

Nakuamkia wewe na Mama Mkubwa. Barua yako ilikaa Isangi muda mrefu, kwa kuwa mashua iliharibika injini. Msimu wa viwavi umefika, na watoto wa hapa wananenepa. Mama yuko salama wa mwili.

Kuna mwanamke hapa anaitwa Nyota, na ana binti mdogo, Bijou. Mtoto alishikwa na homa. Nyota hakuja zahanati. Alikuta dawa mlangoni. Maneno yalikuwa yale yale: Bavon amesema, gome, asubuhi, kidogo. Nyota alichemsha gome lote lililokuwa ndani ya jani, akamnywesha kikombe kizima. Walimleta kwangu macho yamegeuka, mwili umelegea kama kitambaa. Nilipambana naye mchana kutwa. Amepona. Lakini nilipomwuliza Nyota kipimo alikitoa wapi, alisema kwa Bavon. Nami nilisimama pale, Papa Mkubwa, na fomu yako mkononi, nikijiuliza: tumrudie nani? Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba aliye hai hurudiwa na kuulizwa.

Jumapili iliyofuata, watu walipoingia misa, nilikwenda kisiwani nikakaa nyuma ya vichaka. Sikungoja sana. Pirogi ilikuja, ndani yake mtu mmoja akipiga kafi, mwenye nguo nyeusi na panga la baba.

Alikuwa mama.

Alikata upande wa macheo. Akachukua udongo. Nikasema, "Mama." Hakushtuka. Alimaliza kupaka kwanza.

"Uliacha misa?"

"Na wewe?"

"Miye sina misa. Mutu mwenye kufungwa anaimba nyuma ya mulango."

"Kwa nini unatumia jina la baba?"

"Sababu ya yangu hawanywe. Batu wanalala na homa, dawa iko kwa mulango yao. Nikisema ni ya Georgette, watamwaga chini. Nikisema ni ya Bavon, wanakunywa, wanapona. Nifanye nini, mutoto? Jina yake iko nafanya kazi kuliko mukono yangu."

Nikamwambia kuhusu Bijou. Hakuwa amejua ni kwa sababu gani mtoto alizidiwa. Alikaa chini kwenye mchanga.

"Kipimo unaonyesha na mukono," akasema. "Nitaonyesha je, na miye siko?"



Wanawake wa mtoni walikuwa wanajua, Papa Mkubwa. Wote. Walibeba maneno yake na kumficha, kwa sababu nao wana watoto wagonjwa.

Wewe ni mwalimu wangu na mkubwa wa nyumba yetu. Sijawahi kukusahihisha. Lakini ulipoandika Hai mbele ya jina la baba, ulimwandika mama Marehemu. Mtoto nusura awafuate.

Sina la kufunga barua hii.
Clothilde


Kisangani
29 Oktoba 2024

Mwanangu Clothilde,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu Georgette. Msalimie pia mtoto Bijou, ambaye simjui.

Barua yako nilikaa nayo. Mashua mbili ziliondoka bila jibu langu. Nilikuwa na homa, lakini homa si sababu. Nilikuwa naitafutia barua hiyo kosa, kama nilivyozoea, na sikulipata. Ulichoandika ni sahihi.

Orpha ndiye aliyelivuta gunia lile la magome akalipeleka nje. Lilikuwa limelowa upande mmoja. Paa linavuja pale. Harufu ilitoka kwenye mvua, si kwingine. Kisha akainama chini ya kitanda akaitoa lokole ya baba yetu, akaipangusa, akaiweka mbele yangu. "Mzee," akasema, "umesahihisha fomu za watu wote. Imebaki moja."

Juzi Jumapili, tarehe 27, baada ya misa, tuliibeba hadi ukingoni. Évariste, mpwa wa marehemu baba, alishika upande mmoja, mimi mwingine. Vijana wa kivuko walisogea kutupa njia. Mmoja tu aliuliza kama ni sherehe, na mwenzake akamvuta.

Hukuwahi kuambiwa jina la ngoma la baba yako, maana halisemwi kwa mdomo bila sababu. Sasa lina sababu. Baba yetu alimpa jina hilo kwa kuwa alipokuwa mdogo alikuwa akivuka kwenda ng'ambo bila kumwambia mtu, na sisi tukishinda tukimtafuta: Mvukaji asiyeaga, mtoto wa mvuvi wa Yanonge.

Nilidhani mikono yangu imesahau. Haikusahau. Nilipiga jina lake lote, polepole, nikielekea upande maji yaendako. Kisha nikangoja, kama desturi inavyotaka: jina likiitwa mara ya mwisho, hungoja ili kuhakikisha halijibiwi. Maji yalipita. Halikujibiwa. Évariste akasema, "Basi," tukaibeba lokole tukarudi.

Jana Aristide alikuja. Alitaka kubonyeza yeye. Nilimkataza. Niliifungua fomu ya kwanza, nikafuta neno lililokuwa pale, nikaandika Marehemu, na mashine ikapokea bila kelele yoyote, kama ilivyopokea lile la kwanza.

Sasa sikiliza. Mnyoe mama yako. Avue nguo nyeusi. Fomu zote zilizokuja kwa jina la Bavon baada ya ajali hiyo ziandikwe upya: mtoa habari, Georgette, hai. Neno "kidogo" lisionekane hata mara moja. Asimame mlangoni pake mchana, mbele ya watu, na aonyeshe kwa mkono wake.

Mungu amlaze ndugu yangu mahali pakavu.
Hubert


Zahanati, Lomami
24 Novemba 2024

Papa Mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima na kwa shukrani. Mtoto Bijou ananenepa, na amenipiga teke nilipomchoma sindano. Kasongo amepona mgongo kwa sababu godoro limepewa mgonjwa wa kweli. Mama Mkubwa Orpha apokee samaki hawa. Wamekaushwa na mama, mchana, uani, mbele ya majirani.

Barua yako imefika juzi. Nilimsomea mama. Aliguna tu akasema, "Shemeji amechelewa kuandika." Maana alikuwa amekwisha kunyolewa.

Nitaeleza kwa utaratibu, kama ulivyonifundisha.

Jumapili tarehe 27 Oktoba, tulikuwa tumetoka kanisani. Watu walikuwa wamesimama ukingoni, wengine wakinunua viwavi kwenye pirogi. Tukasikia lokole kutoka upande wa chini wa mto. Katekista alinyamaza katikati ya neno. Vijana hawaelewi tena ngoma, mimi pia sielewi. Lakini vikongwe waliinua vichwa, na mama alitoka nyuma ya mlango wa kanisa, akapita katikati ya watu ambao kwa miaka miwili hakuwa amepita kati yao, akafika kwenye maji.

"Ni yeye," akasema. "Ni jina ya Bavon. Hubert amemwachilia."

Wanawake wa mtoni hawakuuliza. Walimkalisha papo hapo, wakamnyoa, wakatupa nguo nyeusi majini. Siku ya pili Nyota alikuja mlangoni na Bijou mgongoni. Akasema kwa sauti ya kusikika na jirani: "Mama Georgette, nionyeshe kipimo." Mama akachukua kijiko changu cha zahanati. Alimwonyesha mara tatu, kwa ukali, kama mtu fulani wa Lubunga.

Kisangani ni mbali mno, kwa hiyo nilidhani vijiji vya njiani vilipokezana ngoma yako, kama zamani. Wiki iliyofuata nilimwomba Kasongo anipeleke chini ya mto tuwashukuru. Alicheka. "Utashukuru nani? Kijiji cha chini, lokole yao iliungua na nyumba ya chef wa kijiji. Kile kingine waliuza." Tulikwenda hata hivyo. Tuliuliza kila mahali mpaka penye mdomo wa Lomami. Walisikia, wote. Hakuna aliyepiga. Kila kijiji kilisema sauti ilitoka kwenye maji ya mbele yake.

Nakuletea fomu za mama, zote, zimejazwa upya na vipimo vya kijiko. Chini yake utakuta fomu moja ambayo si ya mmea. Najua hazina yako ya mimea si ya mambo hayo. Habari: Bavon amepigiwa ngoma. Siku ya kuambiwa: 27 Oktoba. Siku ya kuandikwa: leo. Kisanduku cha mtoa habari sikuweza kukijaza. Nisamehe, najua mashine yako haipokei.

Mama anakusalimu kwa jina lake.
Mwanao, Clothilde


Kisangani
21 Desemba 2024

Mwanangu Clothilde,

Salamu za Noeli kwako, kwa shemeji na kwa wote wa ukingo huo. Samaki ni wazuri. Patrice ameanza kujifunza lokole kwa Évariste. Anapiga vibaya, lakini hasiti.

Fomu za Georgette ni safi. Sikupata la kurudisha. Zimeingia zote, na mbele ya jina lake neno ni lile linalostahili.

Ile fomu ya mwisho mashine ilikataa, kama nilivyoifundisha. Aristide akasema, "Papa, tia jina yoyote, donc ipite, tuende tukule." Nilimwambia katika nyumba hii hatutii jina lolote ili kitu kipite. Nilikaa nayo siku nzima. Nilizisoma tarehe zako mbili. Ni sahihi, na ya kwanza imetangulia barua yangu.

Kwa fomu hiyo moja nimemwamuru Aristide aondoe kufuli. Imepokewa. Kisanduku kimebaki kitupu.

Usikijaze.

Hubert